Ng'ombe wa Lwitiko Nimemrudisha

Kaka Asajile,

Leo asubuhi Lwitiko ametuletea ng'ombe. Nyapara wetu wa machimboni mwenyewe, kavaa koti la kanisani, anamswaga mbele ya watu wote wa Mbalizi, ili tumchinje, tuondoe matanga yako, mambo yaishe. Nimemrudisha. Unajua hapa kwetu ng'ombe wa msiba akirudishwa maana yake nini. Nimemwambia mikono yake ina damu, bila kufungua mdomo. Baba mdogo akanishika bega: "We Gwamaka, hata kuoa hujaoa, unatuletea vita?" Nikamwamkia kwa heshima, nikamwelekeza ng'ombe njia ya kwao.

Unakumbuka likizo ile ulipotoka shuleni Kihesa, tukipukuchua mahindi? Ulisema mwalimu wenu amewaeleza habari za nyota kubwa inayoishiwa moto. Haina tena cha kuishikilia, inajiangukia yenyewe, inakuwa ndogo na nzito mno, hata mwanga unashindwa kutoka. Hakuna aliyeiona, ulisema, ni hesabu za wataalamu tu. Nikauliza, je, mtu akitumbukia humo? Ulinicheka. "Ukitumbukia wewe, miguu itavutwa zaidi kuliko kichwa, urefuke kama uzi!" Kisha ukaniambia taratibu: anayeanguka anapita upesi, hata ule mpaka wa kutorudi anauvuka bila kuuona. Lakini aliyesimama mbali akitazama, anamwona anapunguza mwendo, anakuwa mwekundu, anafifia. Kuingia, hamwoni akiingia kamwe. Mama akafoka, "Pukuchueni! Nyota haziliwi."

Siku ile sikuelewa. Nimeelewa kule machimboni Chunya.

Ulimwambia Lwitiko magogo yanayoshikilia shimo yameoza kwa mvua. Nilikuwepo, nimeshika kamba ya ndoo. Akakujibu, "Msomi, shuka. Au nimlete mama yako akutangulie?" Wenzetu wakacheka. Ukashuka. Taa yako ikawa ndogo, ikawa nyekundu ndani ya vumbi, halafu udongo ukaporomoka. Kaka, nilivuta kamba ikaja nyepesi. Nyepesi kabisa. Lwitiko akaamuru shimo lifukiwe nawe ukiwa humo, akatangaza kwamba ulishuka kwa ubishi wako. Nilikwenda kushtaki kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Karani hakuniruhusu hata kuingia; alisema ajali ni ajali.

Wewe ulipita upesi. Naomba iwe hivyo. Lakini yeye alisimama juu pamoja nami, akatazama. Basi na abaki palepale ukingoni. Akila akuone unashuka, akifumba macho akuone unashuka, na mwisho asiuone. Kumpokea ng'ombe wake kungemtoa pale. Ndiyo maana sikumpokea.

Mama bado anakuwekea ukoko wa ugali pembeni, halafu anakumbuka, anampa mbwa.

Mchungaji anataka mimi na Lwitiko tupeane mikono Jumapili, mbele ya waumini. Ananitegemea kwa kuwa mimi ni mpole, na ni kweli, hata kuku naombaga wengine wanichinjie. Nitakwenda. Atakaponyoosha mkono, nitawaambia watu maneno aliyokuambia, yote, hata lile la mama, na mama akiwa amekaa benchi la mbele. Kisha nitakaa chini. Mkono wake utabaki hewani.

Pumzika, kaka yangu. Mama nitamtunza. Lwitiko simwachi.

Mdogo wako,
Gwamaka