Riwaya Yangu Iliyouzwa kwa Sauti Kasumulu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nelson Ambilikile
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkulima wa kokoa na mwandishi
Makazi: Njisi, Kyela

Ninaeleza haya kwa hiari yangu, mbele ya Koplo Hezroni.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, nilikuwa Kasumulu nikisubiri bajaji ijae. Dereva alikuwa amefungulia simulizi kwenye redio yake, mwanamke anasoma. Nilizitambua sentensi zile. Ni za riwaya yangu, niliyoichapisha mwenyewe. Niliiandika mwaka aliofariki mke wangu.

Dereva alinielekeza kwa Ridhwani, fundi simu anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Ridhwani alikiri kwamba anaiuza.

"Niliikuta kwenye simu ya mwanafunzi asiyeona, anaitwa Bibie, ilipoletwa kutengenezwa," alisema. "Wateja wanaipenda, mzee. Mwenyewe simjui."

Nikamwambia, "Mwenyewe ni mimi."

Alinipa pole, akaendelea kumhudumia mteja. Siku hiyo hiyo nilikuja kutoa taarifa kituoni hapa.

Kesho yake nilikwenda shuleni kwa kina Bibie. Mwalimu wake, Atupele, alinisalimu shikamoo, na kabla sijauliza akasema sauti ile ni yake.

"Nina wanafunzi wanne hawaoni, baba. Kitabu chako hakipo kwa nukta nundu. Niliwasomea, nikawarekodia."

Nikamuuliza, "Mbona hukunitafuta? Njisi ni hapo tu."

Akajibu, "Ni kweli. Nilipaswa kukutafuta."

Alinisikilizisha rekodi yake. Inaanza kwa jina la kitabu na jina langu, kisha anawaonya wanafunzi wasimpe mtu mwingine. Ya Ridhwani sehemu hiyo imekatwa.

Bibie alikuwepo. Aliuliza, "Baba, yule mama wa kwenye kitabu aliyevuka mto Songwe, kwa nini hukumrudisha?"

Nilimjibu kwamba na mimi nilimngoja. Tangu kitabu kitoke, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jana mkuu wa shule, aliposikia suala hili limefika polisi, aliamuru rekodi zote zifutwe, na leo mwalimu ameitwa hapa. Koplo ameniuliza kama nilikuwa nimempa mwalimu ruhusa ya kurekodi. Hapana, sikumpa. Ninajua jibu hili linaweza kumuumiza, lakini siwezi kusema uongo ili kumsaidia.

Ninachoweza ni hiki: kuanzia leo ninamruhusu mwalimu Atupele kuwarekodia wanafunzi wake wasioona kitabu changu chote, mradi rekodi zisitoke nje ya darasa lake. Dhidi yake sina lalamiko. Ninamlalamikia Ridhwani, aliyechukua kwenye simu ya mtoto, akafuta jina langu na kuuza.

Hayo ndiyo niliyoyasikia na kuyatenda. Nimesomewa, nimeona ni sahihi.

Sahihi: N. Ambilikile

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akatia sahihi mbele yangu. Nilimwambia anaweza kwenda. Ameomba kukaa kwenye benchi hadi mwalimu Atupele amalize kuhojiwa, asije akatoka peke yake. Nimemruhusu.

Koplo Hezroni