Bahari ya Baba Mdogo

Lumemo, Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu. Mguu unaendeleaje? Doto aliniambia uvimbe umepungua na sasa unatembea mpaka kwa jirani bila kushikwa. Nimefurahi. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia una jeraha la kioo, nalo linafunga. Namwomba Doto akusomee barua hii polepole, asiruke mahali hata nikiwa nimeandika mabaya. Habari hii itakufikia kwa midomo mingine, nami nataka uisikie kwanza kwangu.

Unajua baba mdogo alivyopunguza ng'ombe na kufungua mgahawa hapa Lumemo, kundi lililobaki akaliacha kwa wachungaji upande wa Mchombe. Alipokwenda Dar es Salaam kutibiwa meno, aliona ukutani kwa daktari tangi la kioo lenye samaki wa baharini. Aliporudi hakuzungumza lingine. "Kulwa," akaniambia, "watu wa bonde hili wamechoka kutazama perege. Mimi nitawaletea bahari."

Kazi ikawa yangu. Fundi wa aluminiamu alitengeneza tangi refu kama kitanda, tukaliweka mbele ya kaunta. Baba mdogo akaja na chumvi ya kulambishia ng'ombe. Nikampigia simu muuzaji wa samaki hao wa baharini, akasema hiyo itawaua wote. Kuna chumvi maalumu, inakorogwa kwenye maji yaliyochujwa mpaka kipimo kikubali. Baba mdogo akanuna. "Chumvi ni chumvi," akasema, lakini akaagiza. Tukaweka mchanga, mawe yaliyotolewa baharini, pampu ya kuzungusha maji, na betri kwa ajili ya umeme unapokatika. Kisha tukaambiwa tusiweke samaki kwanza, maji lazima yaive kwa wiki kadhaa mpaka yaweze kubeba uhai. Wateja wakawa wanakunywa soda wakitazama mawe, wakitucheka.

Samaki wa kwanza walikuja kwa basi ndani ya boksi la foamu, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji. Niliiacha mifuko ielee juu ya maji ya tangi ili joto lilingane, nikawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo nikawaachia. Wawili walikuwa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wengine wadogo wa buluu. Mama, nilikaa pale nikasahau hata kula. Deo alisimama pembeni yangu akaniambia, "Ndugu yangu, Mungu alikuwa na nafasi siku alipowaumba hawa."

Deo ni Mndamba wa Mchombe, ana shamba la mpunga na pia anavua mtoni. Ndiye aliyekuwa akituletea perege wa kukaanga, na ndiye rafiki wa kwanza niliyempata bonde hili. Mkewe Agatha alinifulia nguo nilipougua malaria.

Ubaya ulianza baba mdogo alipomtaka kikande. Ni samaki bapa, mnene, mwenye meno kama ya binadamu. Muuzaji alituonya kwamba huyo hukaa peke yake. Baba mdogo akajibu kwenye simu, "Dume halifungiwi peke yake." Basi akaletwa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mmoja wa wale wa rangi ya chungwa akizunguka upande upande, hana macho, na kikande nyuma yake akimnyofoa mkia. Mwenzake aliuawa saa hiyohiyo mbele ya wateja waliokuja kunywa chai. Wale wa buluu walijibana nyuma ya mawe, akawa anayabomoa mawe kwa mdomo mpaka awafikie. Nilitaka kumtoa. Baba mdogo akanikamata mkono. "Acha. Huoni watu walivyojaa?"

Kweli walijaa. Walipokwisha wale samaki, baba mdogo akaanza kuchukua perege wa Deo walio hai kwenye ndoo na kuwatupa humo. Perege hawezi bahari, chumvi yenyewe ingemmaliza, lakini kikande hakungoja. Maji yalijaa magamba na vipande vya mapezi, watu wakapiga meza. Siku Deo alipoliona jambo hilo, alichukua ndoo yake.

"Mzee, mimi navua samaki waliwe na watu," alisema.

"Ukishauza si wako."

"Basi sikuuzii tena."

Baba mdogo alimtazama akiondoka, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wa mtoni wana kiburi cha matope. Nilimfuata Deo nje nikamwomba radhi. Akanipiga begani, akasema mimi si yeye.

Muda si mrefu baadaye ng'ombe wa baba mdogo wakaingia kwenye mpunga wa Deo. Wachungaji wanasema walilala usingizi. Sijui. Ninachojua ni kwamba mpunga ulikuwa umekaribia kuvunwa, na ulilala chini kama umepigwa na mvua ya mawe. Mchana ule Deo alikuja na pikipiki moja kwa moja kutoka shambani, miguu ina tope mpaka magotini, panga mkononi. Mgahawa ulikuwa umejaa.

"Mzee, njoo ukaone walichofanya ng'ombe wako," alisema.

Baba mdogo hakuinuka kwenye kiti. "Ng'ombe hajui mpaka. Ungejenga uzio."

"Watoto wangu watakula uzio?"

"Wavulie perege."

Watu wengine walicheka, mama. Deo akageuka, akalipiga tangi kwa panga. Pigo la kwanza halikukivunja kioo. La pili kioo chote kilishuka kwa mlio ambao bado nausikia, na maji yakatumwagikia miguuni pamoja na mawe na viti. Watu waliteleza, wakakanyagana, mwanamke mmoja akachanika goti. Mimi nilimrukia Deo kwa nyuma nikambana mikono yote miwili. Hapo ndipo kioo kilipoingia kiganjani mwangu. Nikamwambia, "Deo, ni mimi. Tulia." Akatulia, mama. Nilihisi mwili wake ukilegea. Panga likaanguka. Akasema, "Kulwa, wamemaliza mpunga wote."

Baba mdogo akaja na fimbo yake ya kuchungia. Alimpiga kichwani. Nilidhani atakoma. Akampiga tena, usoni, na damu ikanirukia mdomoni. Nilipiga kelele asiendelee, lakini mikono yangu haikufunguka. Sijui kwa nini haikufunguka. Pigo la tatu ndilo lililotuangusha wote wawili kwenye maji yale ya chumvi, na Deo alilia kama mtoto kwa jinsi yalivyomuunguza.

Deo yu hai. Jicho la kushoto limekwenda, na maneno yanamtoka kwa shida.

Polisi walipokuja, baba mdogo aliwaambia alimpiga mtu aliyeinua panga. Akanigeukia. "Kulwa, waambie." Mama, huyu ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Ndiye aliyelipia jeneza la baba. Nilimtazama machoni, nikawaambia polisi kwamba panga lilikuwa chini na mimi nilikuwa nimeishika mikono ya Deo. Baba mdogo hakunitukana. Aliinamisha kichwa, akaenda nao. Sasa yuko mahabusu. Mama mdogo, mkewe, alizitupa nguo zangu barabarani, akasema nimemuuza mtu wa damu yangu kwa watu wa matope. Ninalala kwa yule fundi wa aluminiamu.

Nilikwenda hospitali nikidhani Agatha atanipokea. Alinitazama mikono kwanza. "Ungemwachia, angekwepa," alisema. Nikamwambia kuna kona ya shamba upande wa mfereji ambayo ng'ombe hawakuifikia, nami naweza kuivuna. Alimfuta Deo mdomo. Kisha akasema, "Njoo na mundu wako. Mimi sina wa kukuazima." Kesho naanza.

Nisalimie bibi, mwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji Mabula, mume wa Doto, na wanawe. Msalimie mjomba wangu wa Magu aliyenifundisha kukamua. Doto mwenyewe, pacha wangu, asilie mbele yako.

Mama, watakupigia simu wa huku, watasema mwanao amemfunga baba yake mdogo. Ni kweli, nimemfunga. Wasikilize wote mpaka mwisho. Kisha kama unaona nilikosea, uniambie wewe mwenyewe kwa kinywa chako, maana kwa mwingine sitakubali.

Mwanao wa tumbo moja na Doto,
Kulwa