Wamenichagua Niikatae Hospitali

Jumapili, 9 Machi

Hujambo, daftari langu? Umeshindaje huko chini ya godoro? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauna raha.

Leo tulikuwa na mkutano wa mtaa. Wizara inatafuta mahali pa hospitali ya saratani. Ama kiwanda cha magunia kilichofungwa, hapa nyuma ya nyumba zetu, ama kule mlimani, kupita machimbo ya kokoto. Daktari aliyekuja na watu wa wizara alisema wakichukua kiwanda, maana ghala lake bado zima, matibabu yataanza kabla mwaka haujaisha. Mlimani kwanza barabara, halafu maji, halafu umeme. Miaka!

Nikasema moyoni, ee Mungu, umesikia! Maana mdogo wangu amelala chumba cha ndani na uvimbe wake wa titi, na mtaa mzima unadhani anaumwa vidonda vya tumbo.

Basi wakaanza. Mama Mapazia — anauza mapazia, ndiyo maana ya jina — akasema mionzi inapenya ukuta, kuku hawatataga. Fundi baiskeli akamdaka: kuku wako hawajataga tangu mwaka juzi, nayo ilikuwa mionzi? Tukacheka. Kisha fundi huyo huyo akageuka. Ana vyumba vya kupangisha. Nani atapanga chumba, akauliza, dirisha likitazama watu wanaokufa? Hapo hakuna aliyecheka. Mikono juu — hatutaki!

Wakatafuta msemaji wa kwenda mbele ya kamati ya wizara. "Dada wa Sala! Huyu hajawahi kugombana na mtu!" Ndiyo mimi, ndivyo wanavyoniita. Mwenyekiti wetu ana mtindo wake, anauliza mara moja tu: asiyekubali asimame. Nilikuwa nimekaa. Nikabaki nimekaa. Wakanipigia makofi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza mdogo wangu. Alicheka mpaka akashika ubavu. Eti, "Dada, paka wa jirani tu anakushinda kumfukuza, leo ufukuze hospitali?"

Nikamwomba aniruhusu niseme ukweli. Kwa mwenyekiti tu, mtu mmoja. Akakataa katakata. Anashona sare za shule, anasema wakijua hakuna mama atakayemvisha mtoto nguo iliyotoka mikononi mwake. Alimwona yule jirani mwenye saratani aliyehama, walivyomtengea kikombe chake peke yake. "Uliniapia, dada."

Kweli niliapa. Tena kwa jina la Mungu.

Jumatano, 12 Machi

Leo ndiyo alitakiwa arudi kumalizia mionzi kwenye hospitali kubwa. Siku nzima ndani ya basi, kisha wiki kadhaa za kulala kwenye mkeka kwa watu. Hakwenda. Nimemfungia mzigo, akaufungua. Nimemsihi, nimemgombeza, nimelia. Anasema safari inamchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Nimesali. Sina lingine.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Mapazia kaja kunifundisha kusema. "Kaza sauti, dada! Usiongee kama unaombea wafiwa." Amekaa kwenye kochi, ukuta tu kati yake na mgonjwa. Akasikia kikohozi. Bado tumbo tu? akauliza. Bado, nikasema. Akatoa machungwa kwenye mfuko wake, akasema yote ni ya mdogo wako, wewe usiguse.

Ni mtu mwema yule! Hilo ndilo linaloniumiza. Ningempata mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Nimekuja nawe, daftari langu, niandike wakati nasubiri zamu yetu.

Fundi baiskeli yuko kulia kwangu, kavaa koti alilofungia ndoa, vifungo havifikiani. Watu wa mlimani wamejaa upande wa pili. Wao wanaitaka hospitali kwa sababu itawaletea barabara. Mlango haukufungwa vizuri, namsikia mhandisi wa wizara akisema kama mtaa wa kiwandani hautaki, hatulazimishi mtu, tutie saini ya mlimani leo leo tumalize.

Mdogo wangu kapiga simu sasa hivi. Pumzi inambana. Kidogo tu, anasema, nisiwe na haraka, nimalize shughuli za watu kwanza. Alikuwa anavuta hewa baada ya kila neno. "Dada... usinitaje."

Fundi akauliza ni nani. Mdogo wangu, nikasema. Tumbo. Akanipapasa bega: mpe pole sana, mwambie tukitoka hapa tunapita kumwona.

Nikiutaja ugonjwa wake, nimevunja kiapo nilichokula kwa jina lako, Mungu wangu. Nikisema walichonituma, ghala linabaki na popo wake na yeye anabaki na kikohozi chake. Na kunyamaza, nilishanyamaza.

Sijui hata niombe nini. Nimejaribu, maneno ya sala yamenipotea kabisa, mimi ambaye —

Wameita mtaa wetu. Fundi ananivuta mkono, simama dada, simama. Mungu wangu, nakuomba unijibu upesi.