Mtoto wa Farasi Aliyeandikwa Mfu

Machi 4

Shikamoo Baba,

Ile sauti imerudi. Unaikumbuka? Nilikuwa na miaka saba, tunakaa kile chumba cha ubavuni mwa banda la farasi, nikasikia kilio nyuma ya ghala la nyasi. Kilianza kama farasi, kikaishia kama mbwa anayekohoa. Ukaniambia, "Mbwa huyo. Kunywa chai."

Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Jana asubuhi jike letu Kahawia alizaa, wiki tatu baada ya siku tuliyohesabu. Mtoto alipojaribu kusimama, akalia vile vile. Mtunza farasi akanitazama. Mimi nikatazama ndoo.

Nikwambie ukweli. Mwaka jana, wakati wa ule ukame, pundamilia dume alifika peke yake kwenye uzio, akawa analamba bomba linalovuja. Nilimfungulia lango anywe. Kahawia alikuwa malishoni mle mle. Nilidhani mnyama aliyechoka vile hana nguvu ya jambo jingine. Mtunza farasi amecheka mpaka akakaa chini: "Dada, uliona kiu ya maji tu!"

Miguu ya mtoto ina mistari mpaka magotini. Tunamwita Soksi. Bosi bado yuko safarini, na kitabu cha nasaba, kinachoonyesha kila farasi wa hapa kazaliwa na nani, ninakiandika mimi. Nafasi ya jina la baba iko wazi. Nifanyeje?

Binti yako

Machi 13

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo uko pale pale. Mimi niliyevalisha farasi viatu miaka thelathini kwenye shamba hilo, leo nafungiwa kamba za viatu na jirani. Cheka kidogo.

Usihangaike mapema. Watoto wengi wa farasi huzaliwa na vimistari miguuni, vikaondoka na manyoya ya kwanza. Hata farasi wa mwituni wa nchi za baridi wanavyo. Angalia masikio. Angalia nywele za shingo, zimelala au zimesimama kama brashi. Angalia mkia: wa farasi una nywele ndefu tangu shinani, wa pundamilia una kishungi mwishoni tu.

Ukikuta mambo mabaya, usiandike pundamilia. Bosi anauza jina la damu. Ukiandika hivyo umejifukuza mwenyewe. Andika "alizaliwa mfu", umwachie mtunza farasi amalize. Ndivyo ilivyofanyika siku zote. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kushika kalamu hapo badala ya kwato. Usiitupe.

Na ile sauti ilikuwa mbwa.

Baba yako

Machi 19

Baba, shikamoo.

Pole na mgongo. Nilicheka kidogo, kama ulivyoagiza.

Nimeangalia vyote. Masikio makubwa, ncha za mviringo. Nywele za shingo zimesimama. Mkia una kishungi. Mistari haifutiki, imepanda mpaka begani. Dume letu la mbegu, Sultani, ni farasi wa Kiarabu wa damu safi, hawezi kuzaa hiki.

Chuoni tulifundishwa kwamba farasi, punda na pundamilia ni ndugu, wanaweza kuzaa pamoja, lakini mtoto wao hukaa katikati na ukoo unaishia kwake. Nilipata alama za juu kwa jibu hilo. Hawakutuambia kwamba huyo wa katikati hulamba kiganja chako akitafuta chumvi, wala kwamba hulala kichwa juu ya buti lako, nawe ukakaa saa nzima mguu umekufa ganzi.

Juzi nilitoa vitabu vya zamani kabatini. Mwaka ule wa miaka yangu saba, ukurasa wa tisa: jike la kijivu, nafasi ya baba tupu, mtoto "alizaliwa mfu". Shahidi ni wewe. Naijua sahihi yako, ile yenye mkia mrefu.

Mfu halii, Baba. Alikuwa mbwa kweli?

Binti yako

Machi 29

Baba, shikamoo. Hujajibu. Soksi amejifunza kufungua komeo la mlango kwa meno. Bosi anafika Aprili nane.

Binti yako

Aprili 3

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nne.

Hakuwa mbwa. Alikuwa mtoto wa pundamilia na lile jike la kijivu, uso wote mistari kama aliyechorwa kwa kalamu. Bosi mzee, baba wa huyu wako, alinipa kamba na bunduki, akasema, "Nyuma ya ghala." Mtoto hakuhitaji kamba. Alinifuata mwenyewe, akidhani tunakwenda malishoni. Alilia kwa sababu nilisogea mbali naye.

Ningekataa, tungehama siku ile ile, na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeanza shule. Nikarudi nikakwambia unywe chai.

Sikwambii ufanye nini. Nimeshakwambia vibaya.

Baba yako

Aprili 10

Baba, shikamoo.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya Bosi. Niliisoma nimeegemea mlango wa banda, Soksi akitafuna bahasha.

Kesho yake Bosi alisimama pale pale mlangoni. "Hiki nini?"

"Mtoto wa Kahawia."

"Kahawia hana mtoto. Kaandike."

Nikaleta kitabu, nikaandika mbele yake, kwa wino. Mama: Kahawia. Baba: pundamilia. Mtoto yu hai. Lango nilifungua mimi. Nikatia sahihi.

Akasoma mara mbili. "Haya, toka na mzigo wako. Kichukue na hicho. Kitakula nini?"

"Maziwa ya mbuzi."

Nilidhani atacheka. Alinyoosha mkono tu, nikampa funguo.

Mstari wako wa ukurasa wa tisa sikuugusa. Huo ni wako.

Kahawia alitufuata ndani ya uzio mpaka waya ulipoishia, akaita. Soksi akamjibu kwa sauti ile. Nilikuwa nimeshika shingo yake, nikaisikia ikipita chini ya kiganja changu.

Sasa tuko kwa muuza nyasi. Ametupa kona kwenye lori lake, Jumamosi tutakuwa kwako. Barua hii naituma na dereva anayetangulia, ili upate muda wa kutafuta mbuzi anayenyonyesha. Soksi atalia akifika, hapajui. Akilia, Baba, usisogee.

Binti yako