Tangu Waliponipasua, Sijarudi Mwilini

Bunia, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni hapa mtaani Mbunya. Moyo wangu hauhisi lolote, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hakuna anayenijua.

Waliponipasua kumtoa Plamedi, mwanangu wa kwanza, walinichoma sindano ya usingizi. Sikulala. Nilijiona niko juu, karibu na taa, namtazama mwanamke aliyelazwa mezani, tumbo wazi. Nilijua ni mimi, lakini sikumhurumia. Mtoto akalia. Nikawaza: kuna mtoto wa mtu analia. Palikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata, hata kabla vita havijatufukuza kijijini kwetu Fataki.

Baadaye muuguzi alinipigapiga shavuni, akasema nimerudi.

Sikurudi.

Tangu siku ile naona kila kitu, nasikia kila kitu, ila ni kama yanampata jirani. Mikono hii inasonga bugali, inamfunga mtoto mgongoni, inamweka titini akililia. Kanisani wananisifu: mama mtulivu. Mume wangu Innocent, fundi cherehani sokoni, huwaambia wenzake kwamba amepata mke asiyelalamika. Miezi yote hii sijamwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba najitazama nikiishi? Wangesema ni pepo, au wangesema ni uchovu. Mimi mwenyewe sijui wangekosea wapi.

Leo nilikwenda kuchota maji. Pale bombani nilimfungua Plamedi mgongoni ili niweze kuinua bidoni la maji, nikamlaza juu ya kitenge chini ya paa la kibaraza cha karibu. Nikajitwika maji, nikarudi nyumbani. Nikawasha makaa, nikachambua maharagwe, nikayabandika. Hakuna chochote ndani yangu kilichoniambia kwamba kuna kitu nimekiacha.

Mama Asimwe, jirani yetu, akaingia amelowa chapachapa, amekumbatia kitu kifuani.

"Mama Plamedi, mutoto iko wapi?"

"Iko kitandani, analala."

Nilijibu bila wasiwasi wowote. Kichwani mwangu nilikuwa namwona kabisa, kalala kitandani. Mama Asimwe akafunua kitenge.

"Na huyu ni wa nani? Nilimukuta pa robine ya maji, iko nalia peke yake, mvua ya upepo inamupiga! Weye uko na akili kweli?"

Nilimtazama mtoto yule. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Nikasubiri hofu ije.

Haikuja.

Basi nikapiga kelele, kwa sababu nilijua mama angepiga kelele. Mama Asimwe alinishika mabega, akaanza kunibembeleza: "Pole, mama, ni kuchoka tu, ni kuchoka." Na mimi nilikuwa pembeni, nasikiliza kama kilio kimetoka vizuri.

Innocent aliporudi kabla ya giza, nilimwambia yote: bomba, sindano, mwanamke wa mezani. Sikumficha neno. Alinisikiliza amesimama, kofia bado kichwani.

"Ni roho mubaya," akasema. "Siku ya Mungu tunakwenda kwa pasta."

"Tutakwenda. Lakini mbele ya kwenda kwa pasta, unipeleke kwa munganga wa hospitali, ule wa mambo ya akili. Na usiniache peke yangu na mutoto. Naomba."

"Uko nafikiri kumuumiza?"

"Hapana. Niko naogopa kumusahau."

Akakaa juu ya kigoda. Akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini: "Na miye? Miye unaniona aje?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya vizuri tangu mtoto azaliwe.

"Kama picha yako," nikamwambia.

Alifunika uso kwa viganja, akalia. Siku tulipomzika baba yake hakulia hivyo. Kisha akainuka, akampokea mtoto kutoka mikononi mwangu, akampigia simu mwenzake wa sokoni kumwambia kwamba kesho asimsubiri kwenye mashine, atanipeleka hospitali. Akampigia na dada yake mkubwa, aje akae nasi. Hakumweleza kwa nini. Alimwambia tu, "Yaya, njoo."

Sasa Plamedi amelala juu ya kifua cha baba yake. Nimejichunguza, nimetafuta ule upendo ambao wanawake wengine wanausimulia. Haupo, au upo mahali ambapo mkono wangu haufiki. Sijui nitamwambia nini yule munganga asubuhi, na sijui kama yuko mtu mjini hapa mwenye dawa ya kumrudisha aliyebaki juu karibu na taa.

Ila maharagwe yameungua jikoni, nimesikia harufu, na sikuinuka. Tangu Mama Asimwe aondoke sijamwondolea mtoto macho isipokuwa kuandika mistari hii.

Kama simpendi, mbona naogopa hata kupepesa?