Mtihani wa Maji ya Gando

Tibirinzi, Chake Chake

Dada yangu Zulekha,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako limeacha ujeuri. Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo iliyochafuka. Ningepiga simu, lakini wewe simu huiweka spika, Gando nzima ikasikia kabla yako.

Kazi yangu unaijua. Mtu aliyekwenda kutafuta riziki Maskati akarudi, kidato cha pili hakimzuii kukaa na mainjinia. Wanatengeneza programu ya kompyuta ya kukadiria bahari itaingia wapi kwenye mabonde ya mpunga, ili ukuta ujengwe papo. Bi Nihal, fundi wa programu, alipanga majaribio: kila wakigusa kitu ndani yake, irudishwe kwenye bamvua, yale maji makuu ya bahari, zilizokwisha kutokea, tuone kama bado inazijua. Mchuzi ukiuongeza kitu si lazima uonje upya? Basi mwonjaji mimi, nani mwingine! Jaribio kubwa lilikuwa bamvua ile iliyoingia hadi jikoni kwako, niliyomhadithia Bi Nihal mimi mwenyewe.

Juzi wakairekebisha programu iende mbio. Nikaionja. Ikasema maji yale hayakufika hata bondeni kwako! Nikamwita mkuu wetu, Bwana Saud, nikidhani atashtuka. Akasema kosa liko kwenye jaribio, akalifuta mbele ya macho yangu, skrini ikawa kijani tupu, yaani majaribio yote yamefaulu, akaagiza soda tusherehekee. Nikamwambia basi na mwanawe akifeli, amchanie karatasi ya maswali. Akacheka, eti Talib kwa mzaha hajambo. Wallahi soda ile niliiacha mezani. Nimepasua matumbo ya papa waliooza, sijapata kuona kinyaa kama kile. Bi Nihal akapinga, akaambiwa wafadhili wanangoja. Ramani ikatoka: ukuta unakoma kabla ya bonde lako.

Sasa lililonishikisha kalamu. Jana, mbele ya masheha wa vijiji, nilisimama nikasema jaribio limefutwa. Bwana Saud akajibu kuwa bamvua ile ni hadithi ya Talib, na Talib nani asiyemjua kwa porojo. Watu wakacheka. Nikawaambia ushahidi upo: mstari wa tope kwenye ukuta wa jiko la dada yangu, unafika kiunoni. Wamekubali kuja kuupima Alhamisi, na Bi Nihal atakuwamo. Mimi kazi sina tena.

Najua Idi imekaribia na chokaa umeshanunua. Nakuomba kwa haki ya mama yetu, jiko usiliguse. Utaona haya wageni kuukuta ukuta mchafu. Usione, dada. Uchafu niliouona mimi una kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Wako ni tope tu.

Nisalimie shemeji Othman na majirani wote. Alhamisi nami nitakuja na wageni, ila wao wataondoka. Nitandikie popote, maana chumba nilichokuwa nikilala kilikuwa cha ofisi.

Nduguyo akupendaye,
Talib