Kwa Akinyi, Juu ya Mgongo Wako na Kiatu cha Kushoto

Binti yangu Akinyi,

Barua hii sikuifunga kwa gundi. Mama yako mdogo aisome akitaka, babu yako asomewe, na jirani yeyote pale Migori aliyesikia kwamba uliikimbia nyumba yangu naye asikie sababu. Naandika kwa Kiswahili maana ndiyo lugha ya nyumba yetu tangu nilipomwoa mama yako Mkuria, mimi Mjaluo sijui neno la kwao, yeye hajui la kwetu. Jumatano ya mwisho wa mwezi huu daktari wa mifupa anakuja tena Homa Bay, na ni lazima akuone. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maneno ya baba asiyejua la kufanya.

Unakumbuka ile sare ya darasa la sita? Mama yako alikuvalisha akaona upindo umepanda upande mmoja. Akaufumua, akaushona upya, ukavaa, upindo ni uleule. Kwanza alinilaumu mimi kwa kununua mkasi butu. Halafu akakufunga leso, akapitisha kidole mgongoni mwako, akaniita nije nione. Uti wa mgongo ulikuwa umekwenda kulia kisha ukarudi kushoto, kama njia ya ng'ombe inayokwepa mawe. Akinyi, mimi ni fundi mwashi. Ukuta wa mtu ukipinda kwa unene wa ukucha, nauona nikipita barabarani Rangwe, na siku hiyo chakula hakishuki. Wewe nilikula nawe kila siku na sikuona kitu.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru tulipanda meli Homa Bay, tukalala Kisumu, kesho yake tukapanda gari moshi kwenda Nairobi. Ulikuwa na miaka kumi na minne na hukulia. Madaktari walichukua mfupa kidogo kiunoni mwako, wakaupanda kwenye uti wa mgongo ili ushikane, kisha wakakuviringishia plasta kutoka shingoni hadi nyongani. Ulikaa ndani ya ganda lile miezi tisa. Nilikuja kukuona mara mbili tu, na mara zote mbili nilikaa tu kwenye stuli. Siku moja ulisema, "Baba, nikune hapa," ukionyesha tumbo, juu ya plasta. Nikakuna plasta. Ukasema, "Asante Baba, imepoa." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanitania au ulikuwa unanihurumia.

Siku ya kutolewa plasta daktari alikusimamisha, akashika uzi wenye kipande cha risasi, akauning'iniza kutoka shingoni mwako. Uzi uliangukia kushoto, upana wa vidole viwili kutoka mahali ulipopaswa. Nikafurahi kama mjinga. Katika hospitali nzima, pamoja na mashine zake zote, hicho ndicho chombo pekee nilichokijua. Ni timazi! Ninayo yangu mfukoni! Kwa furaha hiyo sikusikiliza vizuri yaliyofuata. Alisema mwili wako ulikuwa umezoea kusimama ukiwa umepinda, na sasa mfupa umenyooshwa lakini misuli bado inatafuta katikati yake. Alisema utaegemea kushoto kwa muda, labda mwaka, labda zaidi. Usibebe mtungi kichwani, utembee, uachwe ujizoeze mwenyewe. Mimi nilisikia "kushoto, vidole viwili."

Tukarudi nyumbani, na kila Jumapili asubuhi nikakusimamisha nyuma ya jiko, nikakupima kwa timazi.

"Simama wima."

"Nimesimama, Baba."

"Umelalia kushoto."

"Mimi nasikia niko sawa. Nikija huko unakotaka, nasikia naanguka."

Sikuelewa. Nilidhani ni ukaidi wa umri wako. Na jirani yetu Ogola, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, hakunisaidia. Alinikuta siku moja na timazi mkononi akacheka: "Fundi, mtoto ulipeleka Nairobi anyooshwe, amerudi analalia upande! Si ungejenga wewe mwenyewe?" Nilicheka naye, lakini neno lile lilinichoma.

Unajua kazi yetu. Jiwe likiinama kushoto, fundi hatupi jiwe. Hutia kijiwe chembamba chini ya upande ule, nalo likatulia. Basi nikachukua akala yako ya kushoto nikaongeza safu mbili za tairi, nikapiga misumari, nikalainisha kwa kisu. Samaki mkunje angali mbichi, nilijiambia. Jumapili ya kwanza uzi uliangukia karibu kabisa na katikati, nikamwita mama yako aje aone. Alitazama viatu vyako, akarudi jikoni. Wewe ulisema, "Baba, nyonga inauma." Nikajibu, "Mos, nyathina, pole mwanangu, utazoea." Ulivaa kiatu kile miezi mitano.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu ni mzito. Daktari alipokuja kwenye hospitali ya misheni pale Homa Bay alikuvua akala, akazigeuza, akaziweka mezani. Dresa, yule msaidizi wa hospitali anayejua Kiingereza, akamtafsiria: "Daktari anauliza, hii kiatu nani alikupea?"

Ulinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Ulinitazama kwa muda wa kutosha, Akinyi, siwezi kusema nilikosa nafasi.

Ukajibu, "Ni mimi. Nilijitengenezea."

Dresa akakugombeza mbele ya wagonjwa wote. "Wewe msichana, unataka kuharibu kazi ya watu? Daktari anasema huku chini mgongo imeanza kupinda kufuata hii kiatu. Ikiendelea, utapasuliwa tena." Uliinamisha kichwa. Nami nilinyamaza. Sikunyamaza kwa sababu ya kukosa Kiingereza, maana dresa alikuwapo. Niliogopa. Nilimwogopa Mzungu, nikamwogopa dresa, nikaogopa wale wamama kwenye benchi ambao nusu yao nimewajengea nyumba. Nikamwacha mtoto wangu abebe kosa langu.

Tuliporudi ulitangulia mbele njia nzima. Jumapili iliyofuata mkono wangu, kwa mazoea tu, ulitoa timazi mfukoni. Ukasema taratibu, "Baba, leo sisimami." Wiki hiyohiyo mama yako mdogo alikuja kututembelea, na aliporudi kwao uliondoka naye.

Nimekuandikia mara tatu hujajibu. Nilikuja Migori mwenyewe, babu yako akaniambia umekwenda shambani, na gauni lako nililiona likipita nyuma ya mlango. Sikubishana. Nilikunywa uji niliopewa, nikarudi. Wenzangu huniambia, usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba mimi ndiye wa kufundishwa hilo. Ukuta ningeubomoa nikaanza upya. Wewe siwezi kukugusa, siwezi kukutengeneza, siwezi hata kujua kama uliposimama leo asubuhi kuteka maji ulisimama bila maumivu. Ninakaa tu. Mama yako anasema nimekuwa kama kiti.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali peke yangu, nikamngoja daktari mpaka wagonjwa wakaisha. Nikasema kiatu nilitengeneza mimi. Dresa alinitazama sana. "Mzee, sasa mbona hukusema ile siku?" Nilimwuliza daktari kama nimekuharibu. Akasema hawezi kujua bila kukuona. Pengine ulipokivua kiatu mgongo ulianza kurudi wenyewe, pengine haukurudi, lakini bado unakua na miezi ina maana. Alisema hivyo hivyo mara mbili, kwamba miezi ina maana.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Jumatano hiyo mama yako atakungoja langoni mwa hospitali tangu asubuhi, ana chakula chako na blanketi. Mimi sitakuwapo. Nimechukua kazi ya ghala la samaki Karungu kwa makusudi, ili usije ukanikuta njiani ukageuka nyuma. Ukitaka kurudi Migori jioni na mama yako mdogo, rudi. Hakuna atakayekuzuia. Sikuombi unisamehe wala unijibu. Ukiingia kwenye chumba kile hutaulizwa kitu, na dresa hatakugombeza. Wanajua sasa ni nani aliyetengeneza kiatu.

Ni mimi babako,
niliyenyamaza.